Shangazi, nifiche wapi mayai ya Pasaka?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kiseke hapa Mwanza. Ukoo wa mume wangu hukutana kila Jumatatu ya Pasaka kwa zamu, na mwaka huu zamu imeniangukia mimi. Natarajia watu kama 40: watoto 18 wa kuanzia miaka 2 hadi 15, vijana wachache wa chuo, mawifi na mashemeji, na wazee sita akiwemo mama mkwe wangu, ambaye asipotaka jambo katika familia hii halifanyiki.

Miaka yote shughuli ni ileile. Watu wanakula pilau, wanaume wanakaa chini ya mwembe kubishana habari za Simba na Yanga, sisi wanawake tunabaki na masufuria, watoto wanagombania rimoti. Safari hii binti yangu wa pili amekuja na wazo la kusaka mayai: yanapakwa rangi, yanafichwa uani, watoto wanayatafuta na vikapu. Aliona kwa rafiki yake. Nimelipenda, na nataka liwe la wote, si la watoto peke yao.

Sasa shida zangu. Ya kwanza ni mama mkwe. Nilipomgusia tu alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Kwetu yai halifichwi nyuma ya nyumba ya mtu.” Akaongeza kwamba chakula hakichezewi. Ya pili, mwaka juzi tulialikwa mahali kwenye mchezo kama huu. Wakubwa walikomba mayai yote mara moja, wadogo wakabaki na vikapu vitupu wanalia, na wiki ile mwenyeji akawa ananusa uvundo asijue unatoka wapi. Ya tatu, uwanja wangu una miamba, si unazijua nyumba za huku. Shemeji anasema tuhamie ufukweni ili watoto wapate na kuogelea. Mume wangu yeye anaogopa mvua, na anaogopa bei ya mayai.

Niambie Shangazi, ninunue mayai mangapi? Niyafiche wapi? Na hawa wazee na vijana niwafanyeje?

Mama wa Watatu, Kiseke

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa zamu.

Nianze na mama mkwe, kwa sababu usipomalizana naye, hata ukileta trei kumi utakuwa umenunua kifungua kinywa. Usimwone mtu wa zamani anayeogopa vitu visivyokuwepo. Kanda hii ya Ziwa, yai linalokutwa limewekwa nyuma ya nyumba, hasa alfajiri, hasa karibu na mpaka wa jirani, hakuna anayelichukulia kuwa zawadi. Na wanaoumizwa na fikra hizo ni wazee wa umri wake. Wamepigwa, wamefukuzwa kwenye miji yao, wengine wameuawa kwa tuhuma za uchawi tu. Bibi akisikia watu watazunguka uani wakificha mayai, anajua jirani akiokota moja kesho yake, jina la nani litatajwa. Mama amekuonya kama mtu anayeijua mitaa yetu.

Basi mjibu kwa vitendo. Majirani wa pande zote waelezwe mapema mnachotaka kufanya, na watoto wao waalikwe, wawe Wakristo au Waislamu. Kuku na mbuzi wa siku hiyo wachinjwe na mtu ambaye kila mgeni atakula nyama yake bila kuuliza, hilo unalijua. Pasifichwe kitu nje ya uzio, juu ya ukuta wala karibu na geti. Kuficha kufanyike mchana kweupe, na kila kilichofichwa kiandikwe kwenye daftari: kimewekwa wapi, na ni cha kundi gani.

Hilo daftari ndiyo roho ya mchezo. Watu huhangaika na wasakaji, yaani vikapu, rangi na zawadi, wakati mchezo huu hujengwa au kubomolewa na mfichaji. Wale watoto uliowaona wakilia, mimi siwalaumu wakubwa waliokomba. Mtoto wa miaka 13 akiambiwa saka, atasaka. Nalaumu aliyeweka mayai ya wote mahali pamoja, kwa kimo kimoja, na wakati mmoja. Na ule uvundo ni wa mtu aliyeficha bila hesabu.

Ndiyo maana nakushauri kazi ya kuficha wapewe wazee. Wako sita, watembee wawili wawili, kila jozi na kona yake ya uwanja, na mama mkwe awe mkuu wao mwenye kushika daftari. Asiende peke yake popote, kwa sababu niliyoitaja hapo juu. Kwa njia hiyo humwombi akubariki kwa jambo asilolitaka, unamkabidhi madaraka. Siku nzima wajukuu watamzunguka wakimbembeleza awape fununu, na atawanyima. Sijamwona bado mzee anayekataa cheo cha namna hiyo.

Akikuuliza desturi yenyewe imetoka wapi, mweleze bila kuipamba. Zamani huko Ulaya Wakristo walikatazwa mayai wakati wa Kwaresima. Kuku hawakuwa na habari hiyo. Kule Pasaka huja baridi ikiisha na siku zikirefuka, na mchana mrefu ndio unaomwamsha kuku atage kwa wingi, kwa hiyo mfungo ulipokwisha nyumba zilikuwa zimejaa mayai. Wakristo wa Mashariki waliyapaka rangi nyekundu kukumbuka damu ya Yesu. Wajerumani wakaongeza hadithi ya sungura mleta mayai, wahamiaji wao wakavuka nayo hadi Pennsylvania, na tangu 1878 Ikulu ya Marekani huwaita watoto waviringishe mayai kwenye bustani yake Jumatatu ya Pasaka. Sisi tulio nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta hatuna baridi ya kuisha wala mchana wa kurefuka, tuna masika. Sungura unaweza kumwacha hukohuko Pennsylvania. Na kama mama ni mtu wa Kisesa au Magu, mkumbushe Bulabo ya Bujora, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma: makundi ya Wagika na Wagalu yanashindana kucheza, na siku yenyewe imefungamana na sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Imani na michezo havitakuwa vinakutana kwa mara ya kwanza uani kwako.

Kwenye lile la chakula kutochezewa, mimi niko upande wake moja kwa moja. Mayai ya kweli yasifichwe. Yai lililochemshwa halitakiwi kukaa nje ya friji zaidi ya saa mbili, na ukilitupa kwenye majani utashindana na kunguru, mbwa na sisimizi. Mayai ya kweli yapambwe, yachezewe mezani na yaliwe siku hiyohiyo ya mchezo. Vitakavyofichwa ni vifundo vya kitenge. Nenda kwa fundi wako wa cherehani, mwombe vipande anavyotupa, vikate vya mraba vya ukubwa wa kiganja, tia kitu cha kula ndani kikiwa kimefungwa kwenye karatasi safi, kisha fungia juu kwa uzi. Vinaonekana kwenye majani, vinafuliwa, na vitatumika tena mwakani kwa mwenye zamu.

Ndani utie nini inategemea nani atakifungua. Walio chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima, pipi ngumu, bisi wala ubuyu. Vinakwama kooni, na mtoto anayekimbia huku anatafuna ndiye anayekwamwa. Wape kipande cha keki au biskuti laini. Wa kati wape kashata na visheti. Wakubwa wape chochote. Tena ningetia michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kwenye vifundo vichache, nione mtoto wa mjini atafanya uso gani.

Sasa hesabu, maana ndiyo uliyoniuliza. Sijui watoto wako wamegawanyikaje, lakini tuseme kati ya 18, watano wana miaka 2 hadi 5, wanane wana 6 hadi 10, na watano wana 11 kuendelea. Wadogo vifundo sita kila mmoja, jumla 30. Wa kati vitano vitano, jumla 40. Wakubwa hawahesabiwi hivyo, nitakuja kwao. Ongeza 20 vya akiba kwa ajili ya watoto wa majirani. Kila kundi liwe na rangi yake ya kitenge, na kila mtoto ajue idadi yake kabla ya kuanza. Aliyetimiza anakaa, au anamsaidia mdogo wake kwa kunyoosha kidole tu, bila kugusa. Wadogo kabisa waanze peke yao, kila mmoja na mama au shangazi yake, na vyao visifichwe sana: viwekwe wazi juu ya majani, kwenye kigoda, pembeni ya ndoo iliyofunikwa. Mtoto wa miaka miwili haoni raha ya kutafuta, anaona raha ya kuokota. Wakimaliza ndipo wa kati waingie, kwenye upande mwingine wa uwanja.

Mayai ya kweli, trei mbili zinakutosha: mayai 60 kwa watu 40 na wageni wa kuongezeka. Yanunue wiki moja kabla, maana yai lililokaa kidogo humenyeka vizuri kuliko la leo. Yaweke kwenye maji baridi, yachemke, kisha uyaache dakika 12. Vitabu vingi vya mapishi vitakuambia 10, lakini Mwanza iko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo yai linahitaji muda zaidi kidogo. Yapoze kwenye maji baridi, uyaweke kwenye friji hadi siku ya kupaka.

Rangi usinunue. Muuza vitunguu yeyote sokoni Kirumba atakupa mfuko mzima wa maganda na atashangaa unayapeleka wapi. Chemsha maganda ya vitunguu vyekundu nusu saa, chuja, tia kijiko cha siki kwa kila kikombe, zamisha mayai. Yatatoka na rangi ya udongo mwekundu, nzuri sana, na inashika hata kwenye ganda la kahawia la mayai ya kisasa. Siki ndiyo inayolilainisha ganda kidogo ili rangi ishike. Binzari ya manjano itakupa njano na bitiruti itakupa waridi, lakini hizo zinataka ganda jeupe, kwa hiyo tafuta mayai ya kienyeji machache. Ukitaka watoto washangae, bandika jani la giligilani juu ya yai, livishe kipande cha soksi nyepesi ya zamani, funga kwa nguvu, kisha lizamishe: ukifungua, umbo la jani limebaki. Pangusa na mafuta kidogo ya kula ili yang'ae. Rangi za batiki na za nguo usiziguse kabisa, ganda la yai lina vitundu na chochote unachopaka kinaweza kupenya hadi ndani. Kazi hii ifanywe Jumapili jioni na hao mawifi na watoto wakubwa, kisha mayai yarudi kwenye friji hadi Jumatatu. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko msako wenyewe.

Mezani mayai hayo yana michezo miwili. Mmoja unaujua, mbio za yai kwenye kijiko, na hapo wape akina baba, ambao watajifanya hawataki mpaka wa kwanza ashindwe na mtoto wake. Mwingine Wagiriki huucheza Pasaka: watu wawili wanashika yai kila mmoja, wanagonganisha ncha kwa ncha, lililopasuka limeshindwa na mwenyewe analila. Anayebaki na yai zima anakutana na mshindi mwingine. Babu wa miaka 80 anamgonga mjukuu wa miaka sita bila kuinuka kwenye kiti, na hakuna chakula kinachopotea. Mama mkwe hatakuwa na la kusema.

Wakubwa na vijana wa chuo sasa. Ukiwaambia wakaokote vifundo watakuangalia tu na kurudi kwenye simu zao. Wagawe timu mbili zilizochanganyika, wa miaka 11 na wa miaka 22 pamoja, na uwape vitendawili badala ya vikapu. Kila timu inaanzia kwa mzee. Mzee anasema “Kitendawili!” wao “Tega!” anawatega, na jibu ndilo linalowaambia fundo lenye kitendawili kinachofuata liko wapi. “Mzungu katoka Ulaya na mkono kiunoni,” wakimbilie vikombe kabatini. “Kuku wangu katagia mibani,” wakatafute nanasi, liwe shambani au kwenye tenga jikoni. “Kila niendapo ananifuata,” wasimame wafikiri kivuli cha nini. Vituo sita kwa kila timu vinatosha, na cha mwisho kiwe “Nyumba yangu haina mlango,” kinachowarudisha kwenye sinia la mayai. Wakishindwa, wampe mzee mji kama ilivyo ada. Na wazee wa kwetu hawapokei mji mdogo. Utasikia wanakataa Sengerema, wanakataa Geita, wanataka wapewe Dar es Salaam nzima ndipo wafungue mdomo. Simu hazitakumbukwa. Ila hakikisha wazee wamekubaliana majibu siku moja kabla, maana kitendawili kimoja huwa na majibu tofauti kwa kila kijiji na utaanzisha kesi.

Kuhusu miamba yako: isitumike. Nyufa za mawe ndimo wanamokaa nyoka na nge, na masika majani yamekuwa marefu. Fyekesha siku moja kabla, zungusha kamba kwenye mwamba mkubwa, na wazee waambiwe hakuna kuweka kitu mahali ambapo mtoto ataingiza mkono asikoona. Kimo kisizidi bega la mtoto wa kundi husika. Hilo peke yake linaondoa kupanda, kuanguka na kuvunja mkono.

Shemeji yako mwambie hapana kwa upole, na usimwachie nafasi ya kujadiliana. Mtoto anayesaka hutazama chini, hatazami maji yako wapi. Na maji yenyewe ya kina kifupi yenye magugu ndiyo makao ya konokono wanaoeneza kichocho. Vijidudu vyake hupenya kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda, na kando ya ziwa letu ugonjwa huo umejaa. Sehemu nyingine kuna viboko na mamba. Wala asikuletee wazo la Saanane. Kile kisiwa ni hifadhi ya taifa tangu 2013, si mahali pa kutawanya kashata kwenye majani. Shemeji akitaka ziwa, alete sato wa kutosha wa kukaanga, na huo ndio uwe mchango wake.

Mvua haina ubishi, Pasaka huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili na hayo ndiyo masika yenyewe. Usikodi tenti kubwa kwa hofu. Waambie wazee waandike kwenye daftari sehemu mbili kwa kila fundo, moja ya nje na moja ya ndani: chini ya mto wa kochi, nyuma ya pazia, ndani ya kiatu cha baba. Vifundo vifichwe nusu saa tu kabla ya kuanza, kwa hiyo uamuzi wa ndani au nje utaufanya ukiwa unaliona wingu. Ikianza kunguruma, watu wote ndani, na hasa wale wa chini ya mwembe, maana radi za ziwa hazina mzaha. Ndani ya nyumba mchezo hupungua ukubwa tu, na wazee huupenda zaidi kwa sababu wanaona kila kitu wakiwa wamekaa.

Mume wako mtulize: mayai ni trei mbili, kitenge ni cha bure, rangi ni maganda. Fedha iliyobaki aongeze kreti za soda, na yeye na kaka zake waoshe masufuria siku hiyo. Usimwombe, mtangazie mbele ya mama yake.

Mpangilio wa saa nakuachia wewe, ila jambo moja lisimamie. Msako ukiisha, kabla pilau halijapakuliwa, mama mkwe akae na daftari, vifundo vyote vimwagwe mbele yake, ahesabu na kuweka alama kimoja baada ya kingine, majirani wakiwepo. Kikipungua kimoja, watu wote warudi uani, na hakuna sahani itakayoguswa mpaka kipatikane.

Shangazi